BLV: ELISA imekamata karibu nusu ya kundi la maziwa, tunaanza na yupi?

Zizi_Makambako

Wakuu, habari za kazi. Naomba tuijadili BLV, virusi vya leukemia ya ng'ombe, kwa undani. Habari zake kwa Kiswahili ni haba, na nyingi zinaishia kwenye neno moja tu: chinja.

Tuchukue kundi la mfano. Majike 80 wa maziwa, Friesian na chotara wake, nyanda za juu kusini. Uhamilishaji unatumika, ila kuna dume moja la kufuatilia majike yanayorudia joto. Seramu zimepimwa kwa ELISA, kipimo kinachotafuta kingamwili, na majike 34 wanazo. Wote 34 wanakula vizuri, wanatoa maziwa, hakuna mwenye uvimbe. Fidia ya serikali hakuna, na mtamba mzuri wenye mimba bei yake mnaijua.

Ninachouliza: je, ni lazima wote 34 waondoke? Kama si wote, kigezo cha kumchagua wa kwanza ni kipi? Ndama wao wapewe dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) ya nani, na wapimwe wakiwa na umri gani? Na kuna haja ya kurudia kipimo kwa wale 46 waliotoka safi?

---

Dkt_Seramu

Hapana, Zizi, usiwaondoe 34. Ukifanya hivyo umeua biashara ya maziwa kwa ajili ya wanyama ambao wengi wao hawataugua kamwe. Lakini pia usiwaache kama walivyo. Nieleze kwa nini yote mawili ni kweli.

Virusi hivi vilionekana mara ya kwanza mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, pale Janice Miller na wenzake walipokuza maabara limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) za ng'ombe wenye uvimbe wa tezi na kuona chembe za virusi kwa hadubini ya elektroni. Ni ndugu wa HTLV-1, virusi vya leukemia ya binadamu. La kushika kwa kazi ya zizini ni hili: BLV ikiingia mwilini hujipachika ndani ya DNA ya limfosaiti B na kubaki humo. Ikishajipachika inaitwa provirusi. Virusi vinavyoelea huru kwenye damu ni vichache mno. Kwa hiyo maambukizi hayaendi kwa pumzi wala kwa kunywea birika moja. Yanaendeshwa na seli hai, na seli hizo ziko kwenye damu, kwenye dang'a na maziwa, na popote penye damu kidogo. Na kwa kuwa provirusi imo ndani ya DNA, haitoki. Mwenye maambukizi ni wa maisha, dawa hakuna.

Sasa, walioambukizwa si sawa. Takriban theluthi moja hupanda limfosaiti na kubaki juu miezi na miaka bila dalili yoyote ya nje. Wachache, kwa kawaida chini ya asilimia 5, ndio hupata saratani ya tezi, na mara nyingi wakiwa wamepita miaka 3 au 4. Waliobaki hawaonyeshi chochote hata kwenye hesabu ya damu. Kwa kundi lako maana yake ni kwamba kati ya 34, tarajia kama 10 au 11 wenye limfosaiti nyingi, na pengine mmoja au wawili watakaofikia uvimbe wakiachwa wazeeke.

Hao 10 ndio chemchemi. Damu ya jike mwenye limfosaiti nyingi imejaa seli zenye provirusi kiasi kwamba hata sehemu ndogo ya tone inatosha kumwambukiza ndama. Jike mwenye mzigo mdogo, yaani provirusi chache, anaweza kukaa na wenzake bila kumwambukiza yeyote. Watafiti wa Argentina walichapisha jambo hilo mwaka 2016: majike wenye provirusi chache waliishi pamoja na ng'ombe safi na hawakuwa chanzo cha maambukizi.

ELISA inajibu swali moja tu, ameambukizwa au hajaambukizwa. Haikwambii mzigo. Kipimo cha mzigo ni PCR ya kuhesabu, kipimo cha DNA kinachotoa idadi ya nakala za provirusi kwa kila seli kadhaa, kwa mfano kwa seli 100,000 kama wanavyoandika Wajapani. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kiliijaribu njia hii kwenye makundi matatu ya maziwa ya Marekani na kuchapisha mwaka 2019. Walitoa au kutenga wale wenye mzigo mkubwa kwanza, na katika muda wa miaka miwili hadi miwili na nusu kiwango cha maambukizi kikashuka kutoka asilimia 62 hadi karibu 21. Hawakuchinja kundi zima. Walifunga mabomba makubwa, na majike wengine walioambukizwa wakaondoka polepole kwa sababu za kawaida za kuondoa ng'ombe.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: wapange hao 34 kwa mzigo, kuanzia wa juu kushuka. Robo ya juu itoke mapema kadiri mfuko unavyoruhusu, kwa kuanza na wale ambao tayari wana kasoro nyingine kama matiti mabovu, kutoshika mimba au kwato mbaya.

---

Kwato_Nne

Daktari, umesema kweli, ila PCR ya kuhesabu haipatikani kila wilaya, na bei yake kwa kila sampuli si ya mchezo. Hesabu ya limfosaiti inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Denmark walianza kufuta ugonjwa huu mwishoni mwa miaka ya 1950 wakiwa hawana hata jina la virusi. Walihesabu limfosaiti na kuzilinganisha na jedwali la umri lililotungwa na Bendixen, kwa sababu ndama kwa asili ana limfosaiti nyingi kuliko ng'ombe mzima.

Kwa jike aliyekwisha zaa, limfosaiti za kawaida ni kama 2,500 hadi 7,500 kwa kila mikrolita moja ya damu. Akivuka 10,000, na akarudiwa baada ya miezi 3 akaonekana bado yuko juu, huyo mweke kwenye orodha ya wa kwanza kuondoka. Usimhukumu kwa hesabu moja. Wala usitumie jumla ya seli nyeupe peke yake, maana jike mwenye ugonjwa wa kiwele au kondo lililobaki naye atakuwa na seli nyeupe nyingi, ila hizo ni nutrofili, si limfosaiti. Lazima utofautishaji ufanyike, kwa mashine au kwa slaidi iliyopakwa rangi ya Giemsa na mtu kukaa kwenye hadubini akahesabu seli 100 kwa uchache. Ukihesabu 200 ni bora zaidi.

---

Dkt_Seramu

Kwato, nakubali kama hatua ya kwanza, kwa angalizo moja. Wako majike wenye mzigo mkubwa wa provirusi ambao limfosaiti zao ziko kawaida. Hesabu ya damu itawapitisha. Njia ya kubana gharama ni hii: hesabu limfosaiti kwa wote 34, wale walio juu wazi waingie kwenye orodha bila PCR, kisha PCR ifanywe kwa wale wa katikati tu, na hasa majike mnaotaka kuwabakiza kwa sababu ya maziwa mengi au ukoo mzuri. Hapo unalipia labda sampuli 10 au 12, si 34.

Na tukumbuke tuko Afrika Mashariki. Ndigana, nagana na magonjwa mengine ya damu huvuruga hesabu ya seli nyeupe, mara nyingine kuzishusha. Usichukue sampuli ya limfosaiti kwa ng'ombe mwenye homa. Msubiri apone, wiki 4 zipite.

---

Bibi_Maabara

Naongezea upande wa sampuli, kwa sababu hapo ndipo kazi nzuri inapoharibikia.

Unahitaji mirija miwili kwa kila mnyama. Wa kifuniko chekundu, usio na dawa, kwa seramu ya ELISA. Wa zambarau, wenye EDTA ya kuzuia damu isigande, kwa hesabu ya limfosaiti na PCR. Damu itoke mkiani: inua mkia wima, papasa mfereji wa katikati upande wa chini, upana wa kiganja kutoka shinani, ingiza sindano geji 18 au 20 katikati ya pingili. Sindano moja, mnyama mmoja, bila ubishi. Ni jambo la kusikitisha kuona watu wanakuja kupima BLV halafu wanaieneza kwa sindano ileile ya kupimia.

Mrija wa EDTA ujae hadi alama. Ukiujaza nusu, dawa inazidi damu na seli zinasinyaa. Ugeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiutikise. Damu ya hesabu isigandishwe hata kidogo, barafu ikigusa mrija moja kwa moja seli zinapasuka. Zungushia gazeti, weka kwenye kasha la baridi, nyuzi 4, ifike maabara ndani ya saa 24. Kwa PCR una nafasi zaidi, siku chache kwenye friji si tatizo. Mrija mwekundu uache usimame kwenye joto la kawaida mpaka damu igande vizuri, ndipo uizungushe kwenye mashine na kunyonya seramu. Ukiona seramu imekuwa nyekundu kama juisi ya rosela, chembe zimepasuka. Chukua upya kuliko kubishana na majibu.

Namba ya hereni iandikwe kwenye mrija kabla ya kumchoma ng'ombe, si baadaye mezani. Kosa la kubadilisha mirija miwili linaweza kumpeleka machinjioni jike safi na kumbakiza chemchemi.

Sasa nyakati ambazo ELISA hudanganya, hizi zishikeni.

Ndama chini ya miezi 6: akinywa dang'a ya mama mwenye maambukizi, anakunywa na kingamwili zake. ELISA itamsema ana BLV wakati hana. Huyo apimwe kwa PCR, au asubiri avuke miezi 6, na mimi husema 7 ili kuwa na uhakika.

Jike anayekaribia kuzaa: kingamwili zinahamia kwenye dang'a, zinapungua kwenye damu. Kuanzia wiki 6 hadi 2 kabla ya kuzaa, na wiki 1 au 2 baada yake, jibu la "hana" lisiaminiwe. Mrudie baadaye.

Aliyeambukizwa juzi: kingamwili huchukua wiki kadhaa kuonekana, wengine wiki 3, wengine hadi miezi 3. Kwa hiyo Zizi, wale 46 waliotoka safi hawajawa safi bado. Warudie baada ya miezi 3. Kati yao huenda wakatokea watatu au wanne wapya, na si lazima maabara iwe imekosea. Baada ya hapo kila miezi 6.

Maziwa ya tanki pia yanapimika kwa ELISA na ni rahisi sana kujua kama kundi lina ugonjwa. Ila hayakupi majina. Na jike mmoja mwenye kingamwili kidogo anaweza kumezwa na maziwa ya wenzake 40.

---

Zizi_Makambako

Ahsanteni sana. Bibi, hilo la wiki 6 kabla ya kuzaa limenifungua macho, kwa sababu katika kundi la namna hii lazima kuna waliopimwa wakiwa wamekausha maziwa.

Sasa kwenye usimamizi. Tuseme fedha zinaruhusu kuondoa 8 mwaka huu. Majike 26 wenye maambukizi wanabaki ndani. Tunawazuiaje wasiwaambukize wengine? Na dang'a tunafanyaje?

---

Malisho_Limuru

Mkuu, jiulize swali moja kila siku: damu ya huyu inafikaje kwa yule? Kila kifaa kinachotoa damu kipitie kwenye swali hilo.

Anza na koleo la kuwekea hereni. Ukilifungua utaona ule msumari unaotoboa sikio, na kwenye mzizi wa msumari kuna utepe mwembamba wa damu iliyokauka kahawia. Ng'ombe wa 20 anapata damu ya wote 19 waliotangulia. Kuwe na koleo 3 kwa zamu. Lililotumika linasuguliwa kwa maji baridi na mswaki mpaka damu itoke, kwanza, kwa sababu dawa yoyote ya kuua vijidudu hunyong'onyea ikikutana na damu. Maji ya moto yanagandisha damu, usianze nayo. Kisha liingie kwenye klorheksidini, au klorini ya nyumbani ya asilimia 3.5 iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 6, ambayo inakupa asilimia 0.5. Dakika 10. Suuza, maana klorini inakula chuma. BLV yenyewe ni dhaifu nje ya seli, ina ganda la mafuta, sabuni na dawa za kawaida zinaimaliza. Kinachoilinda ni uchafu wa damu.

Kukata pembe: acheni kifaa cha kuchimbua. Kile kinatoa damu nyingi kuliko kitu chochote kingine zizini, na kimehusishwa na maambukizi mara nyingi kwenye tafiti. Unguza vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto ndama akiwa na wiki 2 hadi 8, kwa ganzi ya lignokeini. Moto unafunga mishipa papo hapo, damu haitoki, na chuma chenyewe kinajisafisha.

Sindano: siku ya chanjo ndiyo siku ya hatari zaidi. Ng'ombe 80 wamepangwa kwenye kibanio, mchanjaji ana bomba moja na sindano moja, na jua linawaka. Fanyeni hivi. Sindano moja ikae imechomekwa kwenye chupa ya chanjo, kazi yake ni kunyonyea tu, isimguse ng'ombe. Kila ng'ombe apewe sindano yake mpya. Kama ni chanjo hai, mfano ya mapele ngozi, msisafishe ndani ya bomba kwa dawa ya kuua vijidudu, mtaua chanjo. Tumieni maji yaliyochemshwa yakapoa. Na mtaona faida nyingine: ndigana baridi nayo huhama kwa sindano za damu, kwa hiyo mnaua ndege wawili kwa jiwe moja.

Glovu ndefu za kupimia mimba na za uhamilishaji: moja kwa kila jike. Mkono ukitoka na mstari mwekundu kwenye kidole, utumbo umechubuka, na glovu hiyo ikiingia kwa jike mwingine inabeba seli moja kwa moja kwenye utando laini. Nawaomba wahamilishaji wasione ni ufujaji. Kama glovu hazitoshi siku hiyo, basi angalau orodha ipangwe: safi wote kwanza, kuanzia mitamba, kisha walioambukizwa wenye mzigo mdogo, wenye mzigo mkubwa mwisho kabisa. Utaratibu huohuo wa foleni utumike kwenye kukamua, kuchanja, kupunguza kwato, kila kitu. Hauna gharama hata senti moja.

Nzi. Pange ndiye mbaya, kwa sababu anauma kwa maumivu. Ng'ombe anamfukuza kabla hajashiba, naye anaenda kumalizia mlo kwa jirani akiwa na damu mbichi mdomoni. Damu hiyo haidumu, hivyo umbali unasaidia: ukiweza, tenga makundi mawili kwa mita 200, usipoweza, hata banda tofauti na nafasi tupu katikati ni afadhali kuliko kuchanganya. Mtego wa Nzi, ule wa kitambaa cha buluu na cheusi wenye neti, uliobuniwa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu hapa Kenya, unakamata pange na nzi wang'atao wa zizini pia. Mbolea na majani yaliyooza yaondolewe kila wiki, maana hapo ndipo nzi wa zizini wanazaliana. Pange wanazaliana kwenye tope la mabondeni na hutaweza kuyasafisha, kwa hao tegemea mitego na dawa ya kumwagia mgongoni.

Wajapani wana mpangilio mmoja mzuri kwa mabanda ya kufungia: wanaweka majike wenye mzigo mdogo katikati, kama ukuta, kati ya wenye mzigo mkubwa upande huu na walio safi upande ule. Kwa banda dogo lisilogawanyika ni wazo la kutumia.

---

Bibi_Maabara

Mimi nichukue dang'a, kwa sababu ina mtego ndani yake.

Dang'a ya jike mwenye maambukizi ina seli zenye provirusi, hilo ni kweli. Ila ina kingamwili dhidi ya BLV ileile, ambazo kwa kiasi fulani humlinda ndama. Ndiyo maana si kila ndama anayenyonya mama mwenye BLV anaambukizwa. Kosa kubwa kuliko yote ni mtu kuogopa BLV akamnyima ndama dang'a. Huyo atakufa kwa kuhara wiki ya pili, muda mrefu kabla ya BLV kupata nafasi.

Chaguo la kwanza: dang'a ya jike safi. Lita 3 hadi 4 kwa ndama wa Friesian ndani ya saa 6 za kwanza, na saa 2 za mwanzo zikiwa bora zaidi. Jike safi mwenye dang'a nzito akizaa, kamua ya ziada, weka kwenye chupa za lita 1 au 2, gandisha.

Chaguo la pili: dang'a ya jike mwenye maambukizi iliyogandishwa kabisa, nyuzi 20 chini ya sifuri, usiku mzima hadi katikati ya chupa iwe barafu. Limfosaiti zinapasuka na maambukizi yanaisha, huku kingamwili zikibaki. Ukitaka kuyeyusha, tumia maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 50. Ukiyeyusha kwenye sufuria jikoni utaua kingamwili.

Chaguo la tatu: joto, nyuzi 60 kwa dakika 60, ndani ya sufuria iliyo ndani ya maji, kipimajoto kikiwa kwenye dang'a yenyewe na si kwenye maji ya nje. Ikivuka nyuzi 62 au 63 inaanza kuganda kama uji na kingamwili zinaharibika. Umeme ukikatika dakika ya 30, anza upya au tumia chupa ya akiba.

Baada ya dang'a, ndama apewe maziwa yaliyopashwa joto la kuua vijidudu, nyuzi 63 kwa dakika 30, au ya majike safi.

Wachache huzaliwa tayari wameambukizwa tumboni, kwa kawaida chini ya mmoja kati ya 10, na hatari inapanda mama akiwa na mzigo mkubwa. Hao ndama wa majike wenye mzigo mkubwa wapimwe kwa PCR kabla hata ya dang'a ikiwezekana, ama wiki ya kwanza. Majike wote wadogo wapimwe tena kwa ELISA miezi 7, na mara ya mwisho kabla ya kupandishwa. Mtamba safi anayeingia kundini ndiye mbadala wako wa bei nafuu kwa yule mzee unayemtoa.

---

Kwato_Nne

Kuna jambo ambalo wafugaji wa kwetu watalikosea wasipoambiwa wazi. Tezi zilizovimba kwa ng'ombe wa Tanzania au Kenya, usikimbilie BLV. Kwanza ni ndigana kali mpaka ithibitike vinginevyo.

Ndigana kali huja na homa, nyuzi 40 hadi 41 na zaidi, tezi ya chini ya sikio au ya mbele ya bega imevimba, anapumua kwa shida, na huwashika vibaya ndama na ng'ombe wageni. Choma tezi kwa sindano, paka slaidi, Giemsa, utaona skizonti za Theileria, vimelea vya ndigana, ndani ya limfosaiti. Anatibika akiwahiwa kwa buparvakoni. Uvimbe wa BLV hauna homa kwa kawaida. Ni jike mzima, anakonda wiki hadi wiki, maziwa yanashuka, tezi kadhaa ngumu zisizouma. Vingine hutegemea uvimbe umekaa wapi: jicho linasukumwa nje mpaka kope hazifungi, miguu ya nyuma inalegea kwa uvimbe kwenye mfereji wa uti wa mgongo, kinyesi cheusi kama lami kwa kidonda cha tumbo la nne, mishipa ya shingo imetutumka kwa uvimbe wa moyo upande wa kulia. Akifika hapo hana tiba, ni kumpumzisha, na mzoga wenye uvimbe hukataliwa na mkaguzi wa nyama.

Aliye na kingamwili tu bila uvimbe, nyama yake inapita ukaguzi. Maziwa yachemshwe, jambo ambalo tunapaswa kufanya hata bila BLV, kwa ajili ya kifua kikuu na brusela. Kuhusu binadamu, kikundi cha Gertrude Buehring, Berkeley, kiliripoti mwaka 2014 kuona DNA ya BLV kwenye tishu za matiti ya wanawake. Wengine walitafuta kwa njia zao, Ubelgiji na China, hawakuiona. Mjadala unaendelea na haijathibitishwa kuwa inasababisha saratani kwa watu. Chemsha maziwa, vaa glovu ukiwa na damu.

---

Zizi_Makambako

Wakuu nimepata shule kamili. La mwisho: kwa nini Ulaya waliweza kuufuta kabisa na sisi tunaambiwa kuishi nao? Na yule dume?

---

Dkt_Seramu

Ulaya walianza wakiwa na maambukizi machache, wakapima na kuchinja, serikali ikalipa fidia. Sweden walianza mpango wao mwaka 1990 na kutambuliwa huru mwaka 2001. Uingereza mwaka 1999, Poland ambayo ilikuwa na kazi kubwa zaidi, mwaka 2017. Sharti la njia hiyo ni kuwa walioambukizwa wawe wachache kiasi kwamba unaweza kuwaondoa wote bila kufunga zizi. Marekani walichelewa: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 ulikuta karibu asilimia 84 ya makundi ya maziwa yana maambukizi. Japani, uchunguzi wa 2009 hadi 2011 ulikuta karibu asilimia 41 ya ng'ombe wa maziwa, na kwa sasa kesi za uvimbe zinazoripotiwa kwa mwaka zimevuka 4,000. Kwa viwango hivyo kuchinja wote hakuwezekani, ndiyo sababu hao ndio wamezama kwenye mzigo wa provirusi na kwenye vinasaba. Wameona majike wenye aina fulani ya jeni ya kinga, BoLA-DRB3*009:02, huushika mzigo chini hata wakiambukizwa. Chanjo ya virusi vilivyodhoofishwa kwa kufuta sehemu ya jeni zake imejaribiwa Argentina na Wabelgiji wa Luc Willems pamoja na INTA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Argentina, matokeo yana matumaini, lakini dukani haipo.

Kwetu, kingamwili za BLV kwa ng'ombe wa Tanzania zilichapishwa tangu mwaka 1997, kwa hiyo si ugeni wa jana. Kundi lenye maambukizi chini ya asilimia 5 au 10, fanya kama Sweden, toa wote sasa hivi na ufunge mlango: kila mnyama mgeni apimwe kabla hajapanda gari, akae karantini, apimwe tena baada ya miezi 3. Kundi lako la asilimia 42 liende kwa njia ya Michigan.

Dume: mpime kwa ELISA na PCR wiki hii. Akiwa na maambukizi aende machinjioni, hata kama mzigo wake ni mdogo, maana yeye pekee anagusana na majike yote, safi kwa wachafu, na anapoparamia michubuko haikosi. Akiwa safi, atumike kwa majike safi tu. Hao 26 wabaki kwenye uhamilishaji, mrija kwa mrija, glovu kwa glovu.

---

Malisho_Limuru

Na ndugu, hereni za rangi. Waliobaki na maambukizi wawekewe hereni ya pili ya rangi moja tofauti, sikio la kulia, na koleo safi. Mkamuaji wa zamu ya alfajiri hana muda wa kusoma daftari. Akiona rangi, anajua huyu ni wa mwisho kwenye foleni.